Samaki wa Dunga na Sindano ya Uzazi

Somo juu ya kuzuia uzazi kwa wanyama na kwa binadamu: njia zake, usalama wake na mipaka yake

 

Imetufikia barua ya ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani aliyehamia Kisumu kwa biashara. Kila alfajiri baada ya Sala huteremka Dunga, pale ufukoni mwa ziwa, kununua samaki wa kwenda kuuza mjini. Barua yake ina maswali matatu. Tumeona si vyema kumjibu peke yake, kwa kuwa maswali hayo hayo twayasikia hapa kwetu barazani na majumbani, na kila mtu huyajibu kwa alivyosikia wala si kwa alivyosoma.

Swali lake la kwanza ni juu ya samaki. Asema kuwa siku hizi ngege wengi (ndio sato) hawavuliwi ziwani bali hufugwa katika vizimba vya nyavu vinavyoelea majini, na watu husema ya kwamba samaki hao hupewa dawa ya kuwakatisha uzazi, na mwenye kuwala naye huwa tasa. Wateja wake wengine wamemkimbia kwa maneno hayo.

La pili ni juu ya mkewe. Amemzalia watoto wanne katika muda wa miaka sita. Katika uzazi wa mwisho alimwaga damu hata jamaa wakakata tamaa naye, akaongezwa damu, na kwa fadhila ya Mwenyezi Mungu akapona. Mtoto sasa ni wa miezi mitano, anyonya. Mkunga amemshauri mama huyo atumie sindano ya kupanga uzazi. Mama mkwe asema ni haramu. Jirani asema sindano hiyo huleta ukimwi. Na mume mwenyewe, kwa maneno yake, amenyamaza, na kila usiku anaogopa.

La tatu auliza: Sharia yasemaje juu ya jambo hili lote, kwa mnyama na kwa mtu?

Tutajibu moja baada ya moja, Inshaallah, tukianza na wanyama kwa kuwa jambo lao ni jepesi zaidi, kisha tuje kwa binadamu.

KUHUSU SAMAKI WA VIZIMBA

Jueni ya kwamba ngege ni samaki mwepesi mno wa kuzaa. Jike huatamia mayai yake kinywani mwake, na hata vifaranga vikiisha kuanguliwa huvilinda humo humo. Akifugwa dume pamoja na jike katika bwawa dogo, baada ya miezi michache bwawa hujaa vifaranga. Chakula huwa hakitoshi, na wote hudumaa wakawa wadogo wasiofaa sokoni. Tena jike, kwa kuwa nguvu zake huishia katika mayai, hakui upesi kama dume. Basi wafugaji hupenda kufuga madume matupu.

Njia za kupata madume matupu ni nyingi. Moja ni kuwachagua kwa mkono wakiwa wachanga, kazi ndefu na yenye makosa. Nyingine, iliyoenea duniani, ni kuwalisha vifaranga, tangu wanapoanza kula, chakula kilichochanganywa na kiasi kidogo cha homoni ya kiume kwa muda wa siku 21 hadi 28. Wakati huo kifaranga bado hakijakamilika umbo lake la uume au uke, na homoni ile hukielekeza kuwa dume. Baada ya siku hizo hupewa chakula cha kawaida miezi mingi, mpaka awe wa kuuzwa.

Hapa yaonekana makosa mawili katika maneno ya watu. Kosa la kwanza: samaki huyu hakukatishwa uzazi. Amefanywa dume, na dume huyo aweza kuzalisha akipata jike. Kosa la pili ni kudhani ya kwamba dawa hiyo ingali mwilini mwake anapofika sokoni. Homoni alipewa akiwa kifaranga mdogo sana, na mwili wake huitoa katika siku chache baada ya kuachishwa. Hukaa tena miezi sita au zaidi akikua. Hakuna kinachobakia cha kumdhuru mlaji, sembuse kumfanya tasa.

Lakini insafu yatutaka tuseme na upande wa pili. Khatari iliyopo si ya mlaji bali ni ya mfanyakazi wa mahali pa kuangulia vifaranga, anayeichanganya dawa hiyo kwa mikono. Yampasa avae glavu na afunike pua na mdomo, na mwanamke mja mzito asiishike kabisa. Tena maji ya mahali hapo yasimwagwe ovyo mtoni au ziwani. Kwa hivyo mwenye kutaka kufanya uadui na jambo hili, na aulize juu ya usalama wa wafanyakazi na maji, aache kumharibia riziki mchuuzi asiye na kosa. Kueneza khabari bila ya kuihakikisha ni jambo tulilokatazwa katika Sura ya al-Hujurat, na aya hiyo haikuwavua wauza samaki.

KUHUSU MIFUGO, MBWA NA WADUDU

Kumhasi mnyama ni desturi ya kale. Wafugaji hawakuanza jana kufanya maksai, ambaye ni mpole katika jembe na mkokoteni na hunenepa vizuri. Zamani walitumia kisu au jiwe. Leo waganga wa mifugo hutumia koleo maalumu linaloponda mishipa bila kukata ngozi, na hiyo hupunguza damu na vidonda kuingia uchafu. Ng'ombe mdogo huumia kidogo kuliko mkubwa, na dawa ya ganzi ni haki yake. Anayemhasi fahali mkubwa kwa kisu kibutu, kamba na vicheko, huyo amedhulumu kiumbe.

Ama paka na mbwa wanaozagaa mijini, njia iliyo salama ni kupasuliwa na mganga wa mifugo chini ya dawa ya usingizi: dume hutolewa makende, na jike mji wa mimba pamoja na vifuko vya mayai au vifuko hivyo peke yake. Wako wanaowadunga majike sindano za homoni kwa kuwa ni rahisi. Hizo zina madhara yanayojulikana: usaha katika mji wa mimba na uvimbe wa chuchu. Wala mtu asidhani ya kwamba kuhasi mbwa kwatosha kuondoa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo huzuiwa kwa chanjo, na wataalamu wamekadiria kuwa yapasa mbwa wapatao 70 katika kila 100 wachanjwe ndipo maradhi yakatike.

Na katika mambo ya ajabu ya kuzuia uzazi wa viumbe ni yale yaliyotokea kwa ndugu zetu wa Unguja. Kisiwa hicho kilikuwa na mbung'o walioeneza ugonjwa wa nagana katika ng'ombe. Dawa za kuua wadudu ziliwapunguza, hazikuwamaliza. Basi kuanzia mwaka 1994 walifugwa mbung'o kwa wingi huko Tanga, madume wakapigwa mionzi ya kuwafanya tasa, kisha wakaachiwa kwa ndege juu ya kisiwa. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akipandwa na dume tasa, basi hana uzao. Waliachiwa madume zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa mwitu alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa kimesafika. Ng'ombe wakapona, na hakuna mtu aliyepata utasa kwa kunywa maziwa yao.

Sharia katika hayo ni nini? Imepokewa katika vitabu vya Hadithi ya kwamba Mtume (s.a.w.) alichinja kondoo waliohasiwa katika udh-hia. Imam Nawawi, naye ni nguzo ya madhehebu yetu ya Shafi, amesema ya kwamba mnyama anayeliwa yajuzu kumhasi akiwa mdogo, wala haijuzu akiwa mkubwa. Na asiyeliwa haijuzu. Baadhi ya wanavyuoni wa zama zetu wamejuzisha kwa paka na mbwa ikiwa pana maslaha ya kweli na mnyama hateswi. Ama kumwondoa mdudu mwenye kudhuru, hilo halina shaka.

SHARIA KWA BINADAMU

Sasa tuje kwa binadamu, ambaye hawezi kupimwa kwa kipimo cha ng'ombe.

Kumhasi mtu ni haramu. Sahaba Uthman bin Madh'un (r.a.) alipotaka kujitenga na wanawake kwa ajili ya ibada, Mtume (s.a.w.) alimkatalia, na masahaba walipouliza juu ya kujihasi walikatazwa. Katika hilo hatujui khitilafu.

Lakini kuzuia mimba kwa muda si kuhasi. Jabir bin Abdillahi (r.a.) ameeleza, na Hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim, ya kwamba masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, na hali Qurani inateremka, wala hawakukatazwa. Iko Hadithi nyingine, ya Judama binti Wahb, ambayo ndani yake azli imefananishwa na kuzika mtoto kwa siri. Wanavyuoni wamezikusanya Hadithi hizi, na wengi wao wamesema ya kwamba ile ya pili ni ya kuchukiza wala si ya kuharimisha. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameliandika jambo hili kwa urefu katika kitabu chake cha Ihya. Ameonyesha ya kwamba azli yajuzu, na katika sababu alizozikubali ni kulinda uhai wa mke kutokana na khatari ya kuzaa na kuepuka taabu zinazotokana na wingi wa watoto. Tena akatenganisha wazi baina ya kuzuia mimba isitungike na kuitoa iliyokwisha kutungika.

Na sharti lililotajwa na wanavyuoni wengi ni ridhaa ya mke, kwa kuwa ana haki katika mtoto na haki katika starehe. Hebu watu wetu walitafakari jambo hili. Mafakihi wa zamani waliuliza: je, mume aweza kuzuia mimba bila ya idhini ya mke? Leo sisi twamlaumu mke anayeomba kupumzika, wala hatumuulizi mume kama amewahi kumshauri.

Katika zama za karibu, Sheikh Abdulmajid Salim wa Misri alitoa fatwa mwaka 1937 ya kujuzisha kuzuia mimba kwa udhuru, na Sheikh Mahmud Shaltut wa Azhar akasema mfano wa hayo katika 1959. Kisha Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwezi wa Disemba 1988, likapitisha mambo matatu ambayo twaona ni mizani njema. Kwanza: haijuzu kutunga sheria ya kuwalazimisha watu wote wapunguze uzazi. Pili: ni haramu kumwondolea mume au mke uwezo wa kuzaa moja kwa moja, isipokuwa kwa dharura. Tatu: yajuzu kuzuia kwa muda ili kupisha baina ya mimba, kwa shauri na ridhaa ya mume na mke, kwa njia iliyo halali, isiyo na dhara, wala isiyoshambulia mimba iliyokwisha kuwapo.

Watu hutusomea aya ya Sura ya al-Israi inayokataza kuua watoto kwa kuogopa umasikini. Ni aya ya haki, lakini inakataza kuua aliyekwisha kuwapo. Na Qurani hiyo hiyo, katika Sura ya al-Baqara, imewaelekeza akina mama wanyonyeshe miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na ikataja wazazi kushauriana na kuridhiana katika kuachisha ziwa. Matabibu wa Shirika la Afya la Dunia nao wameshauri mama asubiri kiasi cha miezi 24 baada ya kuzaa ndipo ashike mimba nyingine.

NJIA ZENYEWE NA USALAMA WAKE

Mtu asiyejua kitu hawezi kukihukumu. Kwa hivyo tutazieleza njia kwa ufupi, na tutatumia kipimo kimoja: katika wanawake 100 wanaotumia njia hiyo mwaka mzima, kwa utumiaji wa kawaida wa watu, ni wangapi watakaoshika mimba. Wasiotumia chochote, wapata 85.

Kunyonyesha. Mama aliyezaa chini ya miezi sita, anayenyonyesha usiku na mchana bila kumpa mtoto chakula wala maji, na ambaye hedhi haijamrudia, hukingwa: wanaoshika mimba hawazidi 2. Yakikosekana moja katika masharti hayo matatu, kinga imeondoka, na wengi hunaswa hapo.

Azli. Wapata 20 hushika mimba. Haina gharama, bali yamtaka mume ajizuie, na hakuna aliye na hakika.

Mpira wa kiume. Wapata 13. Faida yake isiyopatikana katika nyingine ni kwamba pia hukinga ukimwi na maradhi mengine ya zinaa.

Vidonge vya kila siku. Wapata 7, na wengi wao ni kwa kusahau. Vidonge vyenye homoni mbili havimfai mwenye shinikizo la damu, wala aliyewahi kugandwa na damu mishipani, wala mvuta sigara aliyepita miaka 35, wala mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli, wala mama aliyetoka kuzaa karibuni anayenyonyesha. Viko vya homoni moja vinavyofaa kwa wanyonyeshao.

Sindano ya kila miezi mitatu. Wapata 4, na huwa chini ya 1 kwa asiyechelewa siku zake. Hufaa kwa anyonyeshaye baada ya wiki sita. Hubadilisha hedhi, ikaja ovyo au ikakoma. Wengine huongezeka uzito. Hupunguza unene wa mifupa kwa muda, na hurejea baada ya kuacha. Uzazi huchelewa kurudi: wengi hushika mimba miezi kama 10 baada ya sindano ya mwisho. Uchunguzi uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2024 umeihusisha sindano hii, ikitumiwa zaidi ya mwaka, na kuzidi kwa uvimbe wa utando wa ubongo. Ni maradhi machache sana, bali mwenye uvimbe huo asiitumie.

Vijiti vya mkononi. Chini ya 1. Hukaa miaka mitatu au mitano kwa aina yake, na vikitolewa uzazi hurudi upesi. Huvuruga hedhi kwa baadhi. Vitolewe na mjuzi, si na kinyozi.

Kitanzi cha shaba. Chini ya 1. Hakina homoni, hukaa miaka 10 au zaidi, na kazi yake kubwa ni kuizuia mbegu ya mume isilifikie yai. Huweza kuzidisha damu ya hedhi na maumivu, basi mwenye upungufu wa damu amshauri tabibu kwanza.

Kufunga uzazi kwa kupasuliwa, kwa mume au mke. Chini ya 1, na yapasa mtu aihesabu kuwa haina marejeo. Tumekwisha kutaja hukumu yake. Tuongeze ya kwamba hata serikali na hospitali hazina haki ya kumfanyia mtu bila ridhaa yake. Wanawake wa Kenya wenye virusi vya ukimwi walifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2014 wakilalamika ya kwamba walifungwa uzazi bila idhini ya kweli, na Mahakama baadaye ikahukumu kuwa haki zao zilivunjwa. Hilo ndilo la kupigiwa kelele misikitini.

Na hapana budi kuonya juu ya dawa za magendo. Kimeenea Kenya kidonge kiitwacho Sofia, kilichoingizwa kutoka Uchina bila kusajiliwa, kikisifiwa kuwa ni cha mitishamba na humezwa mara moja kwa mwezi. Kilipopimwa kilikutwa na homoni mbili za kutengenezwa, kwa kiasi kikubwa mno. Mama anyonyeshaye akimeza kitu kama hicho, mtoto naye hunyweshwa. Wenzetu wengi hukiogopa kitanzi cha hospitali chenye maelezo yake, kisha wakameza kidonge cha gizani kwa sababu tu kimeitwa cha miti. Vivyo hivyo mizizi isiyo na kipimo, na hirizi za kufunga mimba, ambazo hazifungi kitu isipokuwa akili.

JE, SINDANO HULETA UKIMWI?

Hili ndilo lililomtia khofu ndugu yetu, na jawabu lake limo katika mji huo huo alimo.

Kwa miaka mingi wataalamu walishuku ya kwamba wanawake wanaotumia sindano huambukizwa ukimwi zaidi kuliko wengine. Shaka haikuwa ya kijinga. Baadhi ya hesabu zilielekea huko. Lakini je, ni sindano, au ni tofauti za maisha ya watu? Ili kupambanua, ulifanywa uchunguzi mkubwa tangu mwisho wa 2015 hata 2018 katika vituo 12 vya nchi nne: Afrika ya Kusini, Eswatini, Zambia na Kenya. Na kituo cha Kenya kilikuwa Kisumu. Wanawake 7,829 wa miaka 16 hadi 35, wasio na virusi, waliokubali kwa khiari yao, waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: sindano, kitanzi cha shaba na vijiti.

Matokeo yalitangazwa mwezi wa Juni 2019. Walioambukizwa walikuwa 397: wa sindano 143, wa kitanzi 138, wa vijiti 116. Tofauti hizo ni ndogo, na wachunguzi walisema hawakuona tofauti kubwa ya khatari baina ya njia hizo. Mwezi wa Agosti mwaka huo Shirika la Afya la Dunia likaondoa tahadhari lililokuwa limeiweka juu ya sindano kwa wanawake walio katika khatari ya ukimwi.

Basi jirani amekosea. Lakini tusiishie kushangilia. Katika wanawake 100 wa uchunguzi ule, karibu 4 waliambukizwa kila mwaka, na hiyo ni khabari ya kuhuzunisha. Maana yake ni kwamba hakuna sindano, kijiti wala kitanzi kinachokinga ukimwi. Kinachokinga ni uaminifu wa mume na mke waliopimwa wote wawili, na mpira kwa mwenye shaka, na dawa.

Uko pia uchunguzi wa mwaka 2015, uliopekua daftari za wanawake zaidi ya 24,000 wenye virusi waliotibiwa magharibi ya Kenya. Ulionyesha ya kwamba waliotumia vijiti pamoja na dawa ya ukimwi iitwayo efavirenzi walishika mimba mara tatu zaidi ya waliotumia vijiti na nevirapini: 3.3 kwa 1.1 katika kila 100 kwa mwaka. Dawa moja huidhoofisha nyingine. Hivyo yampasa kila mwanamke amtajie mkunga dawa zote anazomeza, bila haya.

Na khofu ya saratani ilitokana na wanyama. Sindano hiyo ilipojaribiwa kwa mbwa, walitoka uvimbe wa chuchu, na kwa hivyo Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ikaikataa mwaka 1978. Baadaye Shirika la Afya la Dunia lilichunguza wanawake wenyewe, wakiwamo wa Kenya, na matokeo ya 1991 yakaonyesha ya kwamba kwa jumla saratani ya matiti haikuzidi, ila ziada ndogo kwa walioanza kuitumia karibuni. Marekani ikaikubali mwaka 1992. Hapo twaona kwamba mwili wa mbwa si mwili wa mtu: lililomdhuru mnyama si lazima limdhuru binadamu, na lililo salama kwa mnyama si lazima liwe salama kwetu. Anayekula khofu kwa sababu ya ngege, na anayejidunga dawa ya mifugo, wamekosa kosa moja.

JAWABU KWA NDUGU YETU

Ewe ndugu yetu, juu ya samaki: uza na ule, wala usiwe na shaka.

Juu ya mkeo: mama mkwe wake na aheshimiwe, kwani amesema kwa mapenzi na kwa alivyofundishwa. Mwendee kwa adabu, umsomee haya. Mwambie ya kwamba kumpumzisha mke aliyemwaga damu hata kukaribia mauti si kumpinga Mwenyezi Mungu katika riziki, bali ni kumtii alipotukataza, katika Sura ya al-Baqara, tusijitie wenyewe katika maangamizo.

Mtoto wako ana miezi mitano. Ikiwa hajaonja kitu ila maziwa, na hedhi ya mamaye haijarudi, mna muda wa mwezi mmoja tu kabla kinga ya kunyonyesha haijakwisha. Usiupoteze kwa kunyamaza. Nenda pamoja naye hospitali, usimpeleke peke yake na kubaki nje barazani. Waambieni khabari ya damu aliyomwaga. Apimwe wingi wa damu na shinikizo lake. Mpimwe nyote wawili ukimwi. Na mtaje kila dawa. Kisha waulizeni mambo manne: njia hii hufanyaje kazi? Ina madhara gani kwa mtu kama mimi? Nikitaka kuacha nitarudi kuzaa lini? Na ni dalili gani ikitokea nirudi mbio? Mkunga mwema hatakasirika kwa maswali hayo. Sindano aliyoshauriwa yajuzu, na vijiti navyo vyamfaa mnyonyeshaji. Ama kitanzi cha shaba, kwa sababu ya damu yake, apimwe kwanza. Khiari ni yenu wawili, na ya kwake yeye ndiye wa mbele, maana mwili ni wake.

Na akishika mimba tena siku yoyote, azalie hospitali wala si nyumbani, na awaeleze wauguzi tangu mwanzo ya kwamba aliwahi kumwaga damu, kwa kuwa aliyemwaga mara moja huogopewa kurudiwa.

Mwisho twawaambia wasomaji wetu: ndugu huyu hakuwa na upungufu wa imani, alipungukiwa na mtu wa kumuuliza. Mke wa ndugu yetu aliponea chupuchupu, na karibu auawe mara ya pili na maneno ya barazani. Tusomeni, tuulizeni wajuzi wa dini katika dini na wajuzi wa tiba katika tiba, na tusimwachie mwanamke peke yake khofu ya usiku.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiki.